Kisogo cha Msikilizaji

Mguu wa Kufuli ulivunjika mara moja tu, mchana kweupe, ndani ya ghala la rangi na vifaa vya ujenzi ambako mimi huendesha foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo kwa meno yake mawili ya chuma. Saluni kwa dada yangu uliendelea kuvunjika kila siku, na kila ulipovunjika ulivunjika kivingine.

Nilikuwepo nikisikiliza, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Nilikuwa nimesimamishwa kazi nikisubiri kikao, na mtu aliyesimamishwa kazi hashindi nyumbani na mama yake kama bado anazitaka akili zake. Nikawa nashinda kwenye kona ya saluni, juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikichambua nywele za bandia ambazo hakuna aliyeniomba nizichambue. Nikichoka kukaa nasimama. Nikichoka kusimama natoka nje, natazama barabara, narudi ndani. Dada alisema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja. Mteja hukaa kwenye kiti kifupi ameelekea mlangoni, apate hewa na kuwaona wapita njia. Kioo hutundikwa nyuma ya mlango na hutolewa mwisho kabisa, kazi ikishakwisha, mteja ajitazame. Kwa hiyo dada hauoni uso wa mteja. Miaka yote hii anaongea na visogo, na anavisoma. Shingo ikikaza, anapunguza damu. Mabega yakitikisika, anaongeza chumvi. Kichwa kikilegea mkononi, ujue mteja anasinzia, basi anapaza sauti ili amgeuze upande wa pili bila kumvuta.

"Uso ni wa kuonyesha watu," huniambia. "Kisogo hakijui kama kinatazamwa."

Siku ya ajali dada alikuwepo, kwa bahati yake mbaya na yangu. Alikuwa ameniletea chakula cha mchana, amesimama kwenye mlango wa ghala na kikapu chake, na ndiye mtu pekee aliyeona jambo lote toka mwanzo hadi mwisho. Rafu ndefu ya chuma, imejaa makopo ya rangi, ilianguka. Chini yake alikuwa Kufuli, mtunza stoo wetu. Tunamwita hivyo kwa sababu hata msumari hautoki mle ndani kabla hajautolea macho. Ni mkubwa kwangu kwa umri, lakini ni rafiki yangu. Meno ya foklifti yangu yalikutwa yamenasa kwenye ile rafu. Basi, neno likaenea kwamba nimeigonga kwa uzembe, na kikao ndicho kingeamua kama ni kweli. Kikisema ni kweli, cheti changu cha kuendesha mashine kinachukuliwa na kazi nimekosa, na kazi nyingine mimi siijui.

Sasa msikilize dada. Kwa mama mmoja mcha Mungu, ambaye habari haimwingii mpaka Mwenyezi awemo, rafu ilishikwa na mkono usioonekana, ikakawia hewani, kisha ikashushwa taratibu kwenye mguu wa Kufuli, kwa kuwa mja naye hana budi kukumbushwa. Mimi sikuwemo kabisa katika hadithi hiyo. Kwa mteja mjamzito hapakuwa na mfupa uliovunjika. Kufuli aliteguka tu, na kilichoelezwa kwa kirefu ni jinsi rangi zilivyomwagika sakafuni, buluu ikaingia kwenye waridi, mtu ungetamani kupiga picha. Kwa wasichana wawili wa chuo nilichaniwa shati, nikanyanyua chuma kwa mikono hii hii, mishipa imenitoka. Mmoja wao aligeuka kunitazama pale juu ya ndoo, na nywele za bandia mapajani, akarudisha shingo yake mbele bila neno. Dada alipoona kisogo kimepoa, akakimbilia mwisho wa hadithi.

Nyumbani, kwa mama yetu mwenye presha, lilikuwa kopo moja, dogo, lililomdondokea Kufuli kidoleni. Mama akatoa dawa yake ya kuchua nimpelekee. Kila asubuhi aliniuliza kidole kinaendeleaje, na mimi namjibu kinaendelea vizuri.

Nilikuwa nakereka, siwezi kusema vinginevyo. Ule ulikuwa mguu wa mtu. Nikamfokea dada mara kwa mara, mteja akishatoka.

"Kwani nimedanganya?" alikuwa akijibu, anafagia. "Rafu ilianguka au haikuanguka? Mtu aliumia au hakuumia? Mengine ni mapishi."

"Mapishi! Mguu wa mwenzangu unaupika?"

"Mdogo wangu, mgonjwa na mwenye njaa huwapi sahani moja. Inua miguu nifagie."

Siku chache kabla ya kikao aliingia mteja mgeni, mwanamke wa makamo mwenye viatu vya ofisini, akaketi dada akiwa bado ameinama anafagia. Alitaka mistari ya kulala nyuma, isiyo na mbwembwe. Shingo yake ilikuwa ngumu kama mpini wa jembe. Dada alimjaribu kwa mkono wa Mungu, shingo haikutikisika. Akamjaribu kwa rangi za sakafuni, wapi. Ndipo akanitumia mimi.

"Sasa huyo dereva mwenyewe," akasema, "si ndiye zoba wa kwanza! Ni mdogo wangu, ndiyo maana nasema. Yule akiona kikapu cha chakula, akili inahama kichwani inashukia tumboni. Kaniona pale mlangoni, macho yote kwenye kikapu, gari huku nyuma linajiendea lenyewe. Pwaa! Rafu chini! Watu wanapiga yowe, unajua yeye kauliza nini? Dada, mchuzi haujamwagika?"

Mabega ya mgeni yakaanza kutikisika. Dada akaongeza chumvi, akaongeza na pilipili, mpaka yule mama akawa anajifuta machozi na kuomba apumzishwe kwanza. Mimi nikatoka nje. Nilitembea mpaka kwa fundi viatu, nikarudi, nikaenda tena.

Hapa nieleze jambo moja la nyumbani kwetu. Mama alitulea kwa sheria yake mwenyewe: cha nyumbani hakisifiwi njiani. Mbele ya wageni binti yake ni mvivu, mwanawe ni zoba, chakula chake ni makoko, hata kama mgeni anajilamba vidole. Anaogopa hasidi. Sifa ni za ndani, mlango umefungwa, na hata humo ndani hutolewa kwa kijiko cha chai. Dada aliishika sheria hiyo kuliko mama mwenyewe. Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia akinisifu, mbele yangu wala nyuma yangu. Kwa hiyo zoba halikuwa neno geni kwangu. Lakini siku ile liliniuma, na nitasema kwa nini.

Liliniuma kwa sababu sikujua kama ni uongo.

Nilikumbuka mkono wangu kwenye wenzo wa mashine. Nilikumbuka kishindo, kisha giza, kisha vumbi na harufu ya rangi, na Kufuli akimlilia mama yake. Lakini kipi kilitangulia, rafu kuinama au mimi kuifikia? Siku ya kwanza nilidhani nakijua. Baada ya kusikia mguu ule ukivunjwa kwa kila mtindo, nikawa sikijui tena. Nikianza kukumbuka, nakumbuka hadithi za dada. Wiki ile nilianza kukiona kikapu. Nilianza hata kuisikia njaa, na jinsi nilivyogeuza shingo. Sasa kama kweli niligeuza shingo, basi ni mimi niliyemvunja mwenzangu mguu kwa sababu ya tumbo langu.

Nilinunua machungwa nikaenda kumwona Kufuli hospitali. Nikafika hadi getini, nikasimama. Niingie kama nani? Mwenye kosa huingia ameinamisha kichwa. Rafiki huingia na utani. Hata salamu ilinishinda kuchagua. Nikageuka, machungwa nikayala yote njiani, na moja lilikuwa bovu.

Jioni hiyo nilimuuliza dada. Nilikuwa mezani, yeye nyuma yangu anaosha vyombo.

"Dada. Mimi niliigonga ile rafu?"

"Kula."

"Nakuuliza."

Maji yakaacha kumwagika. "Hukuigonga. Hukufanya kitu chochote. Kula, kinapoa."

Nilitamani sana kumwamini. Lakini alikuwa nyuma yangu, na nilijua anakitazama kisogo changu.

Basi nikafanya kama wanavyofanya wote. Kama ukweli sikuujua, angalau maneno ningeyapanga. Nikaanza kumfundisha. Asiseme "iliporomoka," aseme "ilipoteza uimara." Asiseme "Kufuli," aseme "majeruhi." Foklifti iwe "chombo husika." Na neno "kugonga" asilitamke hata kwa bahati mbaya. Dada aliyarudia maneno hayo huku anasuka, kwa sauti ya kusoma taarifa, hadi mteja aliyekuwa kitini akauliza kama anagombea udiwani.

Kikao kilikaa asubuhi, kwenye chumba cha mikutano juu ya ghala. Meza ndefu, na upande wa pili wa meza nyuso tatu: meneja, msimamizi wangu wa kazi, na ofisa utumishi aliyetumwa kutoka makao makuu, ambaye pale ghalani hakuna aliyekuwa amemwona kabla. Pembeni karani wa kuandika. Dirishani alikuwa Kufuli, mguu ndani ya plasta umenyooshwa juu ya kiti cha pili, magongo yameegemea ukuta. Hakunitazama. Mimi niliwekewa kiti katikati ya chumba, kiti ambacho kilikuwa na mguu mmoja mfupi, na kila nikihema kinagonga sakafu.

Ofisa utumishi aliinama kufungua mkoba wake. Nikazitambua nywele kabla sijautambua uso. Mistari ya kulala nyuma, isiyo na mbwembwe.

Nikamtazama dada. Naye alikuwa anautazama uso ule, lakini hakuonyesha kushtuka hata kidogo, na nikaelewa kwamba hamjui. Angemjulia wapi? Alichokijua yeye kilikuwa upande wa pili.

Msimamizi alisema ya kwake, bila chuki, kama alivyoyakuta: rafu chini, meno ya foklifti yamenasa, alama kwenye chuma. Kufuli akaulizwa.

"Mimi nilikuwa nimempa dereva mgongo," alisema. "Nilisikia kishindo, nikajikuta chini. Basi."

"Unadhani dereva alizembea?"

"Watu wananiambia mengi," alisema Kufuli, anatazama nje.

Nikaulizwa mimi. Nilisema sikumbuki vizuri. Kile kiti kikagonga sakafu, na hata mimi nilijisikia ninavyofanana na mwizi.

Dada akaitwa, akaketi mkabala na zile nyuso tatu. Sijawahi kumwona vile. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikashika mkoba, ikauacha, ikashikana yenyewe. Macho yake yalitoka kwa meneja yakaenda kwa msimamizi, yakaja kwa ofisa, na kila uso ulimtazama tu, haumwambii kitu.

"Mnamo siku ya tukio," akaanza, "mimi nikiwa shahidi wa macho, nilishuhudia rafu ikipoteza uimara. Ambapo chombo husika, kwa kuzingatia usalama wa majeruhi, kilikuwa, kilikuwa katika mwendo wa kawaida..."

Karani aliandika kwa furaha. Meneja alipiga mwayo. Ofisa utumishi alikunja uso, akanyanyua kiganja.

"Samahani, dada. Ni haki niseme jambo kabla hujaendelea. Wiki iliyopita ulinisuka."

Dada akamkodolea macho.

Ofisa akageuza kichwa kidogo, akamwonyesha nyuma. Dada aliona mistari yake mwenyewe, na mkono ukamwendea mdomoni.

"Sikujua kama ni ninyi hadi nilipofungua jalada," alisema ofisa. "Na wewe hukunijua. Lakini uliniambia dereva ni zoba. Uliniambia alikuwa anatazama kikapu cha chakula, ndipo akaigonga rafu. Uliniambia au hukuniambia?"

"Nilikuambia."

Kalamu ya karani ilikimbia. Msimamizi akanitazama kwa huzuni, na hapo ndipo matumaini yaliponiisha. Si kwa ajili ya cheti. Niliwaza, basi ni kweli. Ni mimi.

"Ile ilikuwa ya kucheka," alisema dada.

"Na hii unayotuambia sasa?"

"Hii ni ya kikao. Nilifundishwa." Hakunitazama, lakini hakukuwa na haja.

"Na iliyotokea?"

Nje, chini, mtu alikuwa anaburuta paleti.

"Iliyotokea sijawahi kuisimulia," alisema. "Haina mteja, mama. Nimewahi kuianza. Kila nikiianza, shingo ya mtu inanikatalia."

"Sisi hatutakukatalia."

"Ninyi mna nyuso. Mimi na nyuso siwezi." Akasimama. "Naombeni nisimame pale."

Meneja alifungua mdomo, ofisa akamzuia kwa mkono. Dada akaizunguka meza, akapita mbele ya Kufuli, akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Nikasikia vidole vyake kwenye nywele zangu fupi, ambazo hakuna cha kusukwa. Vikaanza kugawa mistari hivyo hivyo.

"Tulia, we zoba," akasema. Na sauti ilikuwa ya kwake. "Kiti kinapiga kelele. Tulia nikwambie, maana wewe ndiye uliyeniuliza, nikakujibu ovyo.

"Ulikuwa unatoka kushusha mzigo, meno matupu, unarudi. Mimi ndio nafika mlangoni. Hukuniona. Hicho kikapu nilikitia mimi baadaye, kwa huyu mama, kwa sababu shingo yake iligoma. Wewe hukukiona kikapu wala hukuniona mimi. Kufuli alikuwa amechutama pale chini anasoma kopo, amekupa mgongo. Mara mguu wa rafu ukajikunja. Hakuna aliyeugusa. Ulijikunja kule chini kama mtu anayepiga goti, nikasikia chuma kinalia. Nikafungua mdomo nipige yowe, sauti haikutoka. Ulikuwa mbali. Ungekaa pale pale ulipokuwa, leo hakuna ambaye angekuweka kwenye kiti hiki. Na ulisimama kwanza, nilikuona ukisimama. Halafu ukakanyaga pedali ya mafuta.

"Ukanyanyua meno, ukaingia nayo chini ya boriti ya rafu. Ukafumba macho. Ulifumba macho kama ulivyokuwa unafumba utotoni ukichomwa sindano, na uso umeukunja vile vile."

Kiti kikagonga. Hilo la macho sikuwa nimemwambia mtu. Dereva anayefumba macho juu ya mashine hastahili mashine, kila dereva anajua, na mimi nilikuwa nimelificha hata kwangu mwenyewe, nikaliita giza. Dada alikuwa amesimama mlangoni, mbele yangu. Kumbe siku ile, mara moja, aliuona uso.

"Rafu ilikuwa inamwendea Kufuli kichwani," aliendelea. "Ikakutana na meno yako. Ikakaa pale pumzi moja, hivi. Halafu ikapinda, ikageuka upande, ikamwangukia mguuni. Usingeingia, mguu wake ungekuwa mzima, na yeye asingekuwepo wa kuutumia. Kwa hiyo ule mguu, mdogo wangu, uliuvunja wewe."

Shingo yangu ilikaza. Niliisikia mwenyewe ikikaza, na yeye aliisikia kwenye vidole vyake. Kwa kazi yake hapo ndipo neno hubadilishwa, hapo ndipo damu inakuwa rangi na mguu unakuwa kidole. Vidole vikasimama. Nikasubiri anibadilishie.

"Uliuvunja wewe," akasema tena. "Na mtu mzima ulimbakiza wewe. Ni kitendo kimoja, siwezi kukikata nikampa huyu kipande na yule kipande. Anayetaka kucheka hakimfai. Anayetaka shujaa hautaki ule mguu. Na wewe uliniuliza umenipa kisogo kinachotetemeka, nikakwambia hukufanya kitu. Ulifanya. Nilikuona."

Nililia. Sina haja ya kuficha, watu sita waliniona. Nililia nimeinamisha kichwa, na dada hakuitoa mikono yake.

Msimamizi alikuwa ameshatoa picha zake kwenye bahasha. Aliitazama moja, akaigeuza, akaisogeza kwa meneja. "Alama ziko chini ya boriti," alisema polepole. "Kwa chini, siyo ubavuni. Mimi niliziangalia, lakini..." Hakumaliza.

Ofisa utumishi akaniuliza, "Ulifumba macho?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu ulimwambia?"

"Hakuna."

Karani alikuwa ameinua kalamu. "Sasa hapa niandikeje? Alimvunja, au alimwokoa?"

"Andika kama alivyosema," alijibu ofisa. "Vyote, kwa mfuatano huo huo."

"Na hili la zoba?"

Ofisa alimtazama dada, aliyesimama pale nyuma yangu, kisha akanitazama mimi. Midomo yake ikacheza kidogo. "Hilo liache. Ni la kwao."

Walitutoa nje, wakatuita tena. Rafu zote zikaguliwe kabla mtu hajapita chini yake. Mimi nirudi kwenye mashine yangu, na onyo la mdomo kuhusu kufumba macho. Meneja alilitoa onyo hilo kwa sauti kali, ila hakuweza kunitazama usoni muda wote wa kulitoa.

Kufuli alikuwa anahangaika na magongo yake. Nilimwendea kumsaidia, akanikwepeshea bega.

"Umenivunja mguu," alisema.

"Ndiyo."

"Kweli umenivunja." Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na macho yalikuwa yamejaa. "Na hospitali hukuja. Nimelala pale nakungoja wewe uje uniambie ilikuwaje."

"Nilikuja hadi getini. Na machungwa."

"Yako wapi?"

"Niliyala."

Kufuli alianza kucheka, akajishika paja kwa maumivu, akaendelea kucheka. "Kesho ulete mengine," alisema. "Na ukome kusimama getini kama mlinzi."

Tuliteremka ngazi, dada na mimi. Nilikuwa mwepesi na mzito kwa pamoja. Mguu wa Kufuli ulikuwa wangu sasa, wangu kabisa, na sikutaka mtu aniondolee. Chini, kwenye geti, mlinzi aliacha chai yake akatujia mbio. Ndiye anayejua habari za kila mtu mle ndani, na alikuwa hajapata hii.

"Vipi, dada? Imekuwaje kwa ndugu yako?"

Dada alinitazama toka juu hadi chini. Macho yake yalikuwa mekundu bado. Nikamwona akimpima mlinzi, na kikombe chake, na wale wapakiaji wawili waliokuwa wanatega masikio nyuma yake.

"Ah, huyu zoba!" akasema. "Wamemrudisha. Sijui wamemwonea huruma, sijui wamekosa mwingine."

Mlinzi akacheka sana. Wapakiaji nao wakacheka. Mimi nikatangulia barabarani, polepole, nikijua kwamba dada yuko nyuma yangu anakitazama kisogo changu. Sikugeuka. Nilimwacha akisome.